Wa Kwanza wa Idjwi

Congo nzima inaijua tarehe 2 Julai. Ndiyo siku shule zinapotangaza matokeo ya mwaka, na kwetu kisiwani Idjwi siku hiyo hata soko hupungua watu. Kina mama huvaa vitenge vya misa, wavuvi waliokesha wakivua sambaza huja bila kulala, na watoto husuguliwa miguu mpaka magotini. Shule yetu ilikuwa upande wa kusini wa kisiwa, katika utawala wa kijadi wa Ntambuka. Mabenchi yalitolewa madarasani yakapangwa uwanjani kwa ajili ya wazazi, nasi wanafunzi tukapanga mistari kwa madarasa. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Zaire, wakati mshahara wa mwalimu ulikwisha thamani kabla hajaupokea, na wazazi ndio waliomlisha.

Prefe, yaani mkuu wa shule, alishika orodha ndefu iliyopigwa taipu. Alisoma jina, kisha asilimia, kisha akanyamaza kidogo ili watu wapige makofi. Kwa kila darasa alianza na wa kwanza. Huyo alitoka mstarini peke yake, akavuka uwanja mbele ya wazazi wote, akapokea buletini kwa mikono miwili, na juu ya buletini akawekewa zawadi: madaftari yaliyofungwa kwa kamba ya mgomba, kalamu za Bic, mwaka mwingine kipande cha kitenge kilichonunuliwa na kamati ya wazazi. Vigelegele vilianza kwa mama mzazi, vikapokewa na mama wadogo, mashangazi, majirani, hata wanawake wasiomhusu mtoto kwa lolote. Baada ya hapo orodha ilishuka. Walifuata waliopita kwa shida, wakafuata waliotakiwa kurudia mitihani mwishoni mwa Agosti, na mwisho wakasomwa waliofeli, kwa majina, mbele ya watu walewale. Nimewaona wavulana wakubwa wakiruka ua na kutokomea kwenye mibuni kabla zamu yao haijafika.

Mimi nilikuwa miongoni mwa walioitwa mapema, na mara nyingi niliitwa wa kwanza. Nalitaja hili kwa sababu baadaye nilikuwa mwalimu Bukavu, nikawa nakaa kwenye meza inayopokea maombi ya wanafunzi wapya katika chuo kimoja cha mji huo, na hapo swali likaniganda: ile heshima tuliyopewa uwanjani ina kazi gani mlangoni mwa chuo kikuu? Wenzangu wengi husema haina. Zawadi ni mambo ya watoto na wazazi wao, wanasema. Sisi tunataka diploma na asilimia. Nimefanya kazi hii muda wa kutosha, na sikubaliani nao.

Anayetaka kuelewa kwa nini aitazame buletini ya Congo kwa karibu. Ninayo moja ya sekondari, imechanika kwenye mkunjo. Upande wa kushoto yamepangwa masomo, yakakusanywa kwa makundi kulingana na alama za juu kabisa za kila somo: yenye 10, yenye 20, yenye 40. Kila muhula una vipindi viwili na mtihani wake. Chini kuna mistari inayopita haraka machoni: jumla, asilimia, halafu kisanduku kidogo cha nafasi. Humo huandikwa namba mbili zilizotengwa kwa mstari wa mshazari, ya kwanza ni nafasi yako, ya pili ni idadi ya mliokuwa darasani. Kisha vinakuja bidii na mwenendo, vinavyopimwa kwa herufi, E kwa aliye bora kabisa, halafu TB, B, AB. Mwisho ni saini ya prefe na muhuri wa shule, wino wa zambarau uliozama ndani ya karatasi.

Kwenye meza ile nimeona macho yakienda moja kwa moja kwenye asilimia. Kisanduku cha nafasi hakisomwi. Nami nasema habari ya kweli kuliko zote kwenye karatasi ile imo humo.

Asilimia inayotawala maisha ya kijana wa Congo kuliko hata ya buletini ni ya mtihani wa taifa, ule kila mtu anaouita Exetat. Ulianza 1967, na nia yake ilikuwa njema: mtoto wa kisiwani na mtoto wa Kinshasa wapimwe kwa kipimo kimoja. Kwanza kuna insha na mahojiano ya Kifaransa, kisha siku nne za maswali ya kuchagua jibu. Matokeo yakitoka, waliofaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani na kutembea barabarani wakiimba, na jamaa nyuma yao. Enzi zetu majina yalisomwa redioni. Leo simu inatosha. Lakini swali la kila utakayekutana naye njiani halijabadilika: “Uko na pursa ngapi?” Ukisema 52, unapongezwa. Ukisema 70, jina lako linatajwa kanisani.

Nilifaulu kwa asilimia ambayo kisiwani iliimbiwa. Tulisikiliza majina kwa jirani mwenye redio, watu wamejaa mpaka kwenye shamba lake la maharage, na jina langu liliposomwa, baba, mtu asiyependa makelele, aliingia nyumbani na kutoka na shati jeupe. Alikuwa mkulima wa kahawa. Wiki chache baadaye aliuza alichokuwa nacho, nikapanda boti ya mbao iliyobeba mananasi, mbuzi na magunia ya muhogo, nikaenda Bukavu kufanya jaribio la kuingia udaktari.

Hapo ndipo nilipojua kipimo kimoja kinapima nini. Shule yetu ilikuwa na mkondo mmoja tu, pedagojia. Tulifundishwa saikolojia ya mtoto, kuandaa somo, kuandika ubaoni bila kuwapa watoto mgongo. Kemia tuliigusa juujuu, bila chupa hata moja ya maabara. Katika chumba cha jaribio nilikaa kati ya vijana waliosoma biolojia na kemia katika shule kubwa za mji, kama Alfajiri ya Wajezuiti, ambayo ipo tangu 1938 na imewafundisha wakubwa wengi wa nchi hii. Walianza kuandika kabla sijamaliza kusoma swali la kwanza.

Sikuchaguliwa, na sikuonewa. Asiyejua kemia asikabidhiwe dawa za watu. Lakini katika chumba kile hapakuwa na mtu mwenye njia ya kujua kwamba msichana yule aliyekwama kwenye kemia alikuwa amewashinda wote aliosoma nao, miaka na miaka, katika shule isiyo na maabara. Hakuulizwa. Kama angeulizwa, pengine angeambiwa: nenda kasome kemia mwaka mmoja, urudi. Mwaka mmoja tu. Nilikwenda ISP ya Bukavu, chuo cha kuandaa walimu, ambako pedagojia yangu ilikuwa na thamani, na ualimu nimeupenda. Hata hivyo kisiwa changu hakijawahi kuwa na madaktari wa kutosha, na ninapowasikia watu wakishangaa kwa nini madaktari wa mjini hawataki kukaa Idjwi, nawakumbuka wote walioitwa wa kwanza kule na kuishia kwenye karatasi ya kemia.

Miaka ilipopita nikakaa kwenye meza ya maombi, upande wa wanaopokea, nilikutana na farde. Kila mwombaji huleta farde yake: nakala ya diploma ya serikali au hati ya kufaulu, buletini za mwaka wa tano na wa sita, hati ya mwenendo mwema, cheti cha afya, picha ndogo. Farde ya mtoto wa mjini ni nyeupe na imenyooka. Farde ya mtoto wa Idjwi imesafiri ziwani, na mara nyingi ina pengo. Pengo lililozoeleka kuliko yote ni buletini. Zipo shule zinazoshikilia buletini mpaka ada ilipwe yote, na nazielewa shida zake, kwa sababu kwa miaka mingi ada hiyo ndiyo iliyomlipa mwalimu. Hata elimu bila malipo iliyotangazwa Septemba 2019 ilihusu shule za msingi. Lakini mtazameni mama aliyekuja siku moja ofisini kwetu, kandambili miguuni, mkononi ameshika kipande cha daftari chenye maneno mawili matatu ya mwalimu: mtoto huyu alikuwa wa pili darasani, buletini iko shuleni. Hapakuwa na muhuri. Katibu alimrudishia kile kipande kwa upole, kwa sababu kanuni ni kanuni. Yule binti hakujiandikisha mwaka ule.

Wahenga walisema chema chajiuza. Kwa mtoto wa kisiwani msemo huo si kweli. Chema chake kilitangazwa kwa sauti kwenye uwanja, kikashangiliwa, na sauti ilipokwisha hakikubaki mahali ambapo mtu wa mbali angeweza kukiona.

Jambo hili lilinijia wazi zaidi miaka michache iliyopita, kupitia binti wa kaka yangu. Alikuwa amemaliza sekondari kaskazini mwa kisiwa, upande wa Rubenga, na alitaka kujaribu vyuo vya Marekani. Tulikaa nyumbani kwangu Ibanda, mjini Bukavu, umeme umekatika, tukitumia intaneti ya simu. Fomu wanayoitumia wengi kule inaitwa Common Application, na vyuo zaidi ya elfu moja huipokea. Ina sehemu ya tuzo, nafasi tano, na kwa kila tuzo unaulizwa ni ya ngazi gani: ya shule, ya mkoa, ya taifa, au ya kimataifa. Ina pia nafasi kumi za shughuli za nje ya darasa. Alifika kwenye tuzo akaniangalia.

“Shangazi, hapa mimi sina kitu.”

“Si ulikuwa wa kwanza?”

“Iyo ni ya shule tu, shangazi. Kila mwaka kuko wa kwanza.”

Alikuwa amesoma habari za vijana wa Nairobi na Kigali wenye medali za hisabati, mashindano ya mijadala, safari za roboti, akaamini kwamba tuzo ni hizo. Nilimwambia aandike. Wa kwanza wa darasa, mwaka huu na huu, ngazi ya shule. Fomu yenyewe ina neno hilo, “shule”, na haikuliweka kwa mapambo. Kisha tukashuka kwenye shughuli. Alikuwa akiongoza kwaya ya watoto. Alikuwa akitunza hesabu za likelemba ya mama yake na wenzake, nani ametoa, nani anapokea, kwa miaka mitatu bila ugomvi. Siku za soko alibeba mananasi mpaka bandarini kabla ya kwenda darasani. Yote hayo yaliingia.

Sehemu iliyobaki ilikuwa ya shule: prefe alitakiwa kueleza mwanafunzi alikuwa wa ngapi kati ya wangapi. Prefe hakuwa na barua pepe. Nilipanda boti nikamfuata. Alinipokea kwa heshima, akafungua sanduku la chuma kwenye kona ya ofisi, akatoa vitabu vya palmaresi, vile ambamo kila mwaka huandikwa majina ya darasa zima kwa kufuata nafasi. Unyevu wa ziwa ulikuwa umekwisha kuvila pembeni na kimoja kilikuwa na njia za mchwa. Alipitisha kidole, ukurasa kwa ukurasa, mpaka akampata, mwaka baada ya mwaka, juu ya orodha.

“Kweli Wamarekani wanataka kujua habari ya darasa letu?” aliuliza.

“Wanaiuliza wenyewe, prefe.”

Aliandika barua kwa mkono, polepole, kwa Kifaransa safi cha walimu wa zamani. Na bila kuombwa aliongeza sentensi mbili: kwamba shule haina umeme wala maktaba, na kwamba mwanafunzi huyu alisoma fizikia kwa kitabu kimoja kilichozungushwa darasa zima. Nimesoma barua nyingi za kupendekeza wanafunzi, zimejaa “bidii” na “nidhamu” na “mfano wa kuigwa”. Sijasoma iliyoeleza zaidi kuliko sentensi mbili zile. Sasa namba ile ya nafasi ilikuwa na mahali pake, na mtu aliyekaa ng’ambo ya bahari angeweza kujua ilipatikana vipi.

Sisi watu wa Idjwi tungepaswa kulijua jambo hili kabla ya wengine, kwa sababu ya kahawa. Kwa miaka mingi kahawa yetu ilivushwa usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, ikachanganywa na nyingine, ikauzwa bila jina na kwa bei ya kutupa. Wanaume wengi walizama kwenye safari hizo na kuacha wajane kisiwa kizima. Ilipoanza kuoshwa kwenye vituo vya ushirika na kutoka kwenye gunia lenye jina la Idjwi, wanunuzi wa Ulaya na Marekani wakaanza kuiulizia. Mbuni ni uleule. Kilichoongezeka ni kwamba mnunuzi anajua imetoka wapi na imepitia mikono gani. Nafasi ya mtoto darasani nayo inataka gunia lenye jina.

Na wapo walioifanya nafasi hiyo ya darasani kuwa sheria. Mwaka 1997 jimbo la Texas, Marekani, liliamua kwamba mwanafunzi aliyemaliza katika asilimia 10 ya juu ya shule yake ana haki ya kuingia vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo. Shule yake, si mtihani wa jimbo zima. Mtoto wa mji mdogo wa wafugaji alipata mlango uleule wa mtoto wa kitongoji cha matajiri, kila mmoja akipimwa na wale aliokaa nao. Vijana walioingia hivyo walijaa mpaka chuo kikubwa cha Austin kikaruhusiwa kupunguza kiwango. Karibu nasi, Uganda, tangu katikati ya miaka ya 2000 sehemu ya nafasi zinazolipiwa na serikali katika vyuo vikuu vya umma hugawanywa kwa wilaya, ili walio bora wa Karamoja wasishindanishwe moja kwa moja na walio bora wa Kampala. Na kabla ya hapo, mwaka 1990, Makerere ilianza kuwaongezea wasichana pointi moja na nusu, kwa kutambua kwamba matokeo ya msichana hubeba pia saa alizochota maji. Mipango hii ina lawama zake. Uganda watu wamelalamika kwamba watoto wa wakubwa husajiliwa kufanya mtihani wilaya za mbali ili wachukue nafasi za huko. Hata hivyo wazo lake ni sahihi.

Wenzangu wa meza hunijibu kwa hoja moja nzito, na sitaipita kando. Wanasema buletini haiaminiki. Zipo shule zinazogawa asilimia kama hisani, ili wazazi wafurahi na wanafunzi wasihame. Ni kweli, nami nimeziona, mwanafunzi mwenye 78 kwenye buletini asiyeweza kuandika aya moja. Ndiyo sababu vyuo vikaweka majaribio yake. Lakini hoja hiyo inanipa nguvu mimi. Shule inaweza kumpa kila mwanafunzi asilimia 70, ila haiwezi kumfanya kila mwanafunzi kuwa wa kwanza. Nafasi haivimbi. Mtu mmoja akiwekwa juu, mwingine ameshuka, na mzazi wa aliyeshuka atakuja kuuliza. Ndiyo, mtoto wa mkubwa anaweza kusogezwa mbele, yametokea. Lakini darasa lenyewe hujua nani ni wa kwanza, na kisiwani siri ya namna hiyo haivuki wiki.

Kinachonisumbua zaidi ni wale ambao orodha yoyote haiwafikii. Katika miaka yangu yote ya kusimama kwenye uwanja ule sikuwahi kusikia mtoto wa jamii ya Bambuti akiitwa wa kwanza, wala wa kumi. Wengi hawakuwa shuleni kabisa. Wazazi wao hawana ardhi, hulima mashamba ya wengine kwa ujira wa siku, na mtoto huenda nao. Kwa hao kisanduku cha nafasi hakisaidii kitu, na sitaki mtu asome makala haya akadhani nimesahau. Zawadi huwapanga waliofika; kabla ya hapo kuna kazi ya kuwafikisha.

Na zawadi zenyewe zinaweza kufanywa zikawa na uzito. Ng’ambo ya ziwa, Rwanda, kwenye milima ambayo mtoto wa Idjwi huiona kila asubuhi, Imbuto Foundation tangu 2005 huwatuza hadharani wasichana waliofanya vizuri, kwa mpango unaoitwa Inkubito z’Icyeza. Tanzania ilianzisha Samia Scholarship mwaka 2022 kwa waliofanya vizuri zaidi katika sayansi kidato cha sita. Kwetu Congo upo mpango wa Excellentia wa taasisi ya mke wa rais, Denise Nyakeru Tshisekedi, unaowalipia masomo vijana waliong’ara katika Exetat. Naushukuru, kwa sababu kijana maskini wa jimbo la mbali anaweza kulipiwa ada kwa sababu ya akili yake. Lakini nao unaanzia kwenye asilimia ya mtihani mmoja. Kijana wa shule isiyo na mwalimu wa kemia hatafika huko juu, hata awe na kipawa cha namna gani. Wa kwanza wa shule hiyo atabaki na madaftari yake.

Chuo cha Marekani kilimkataa binti wa kaka yangu. Karatasi zilezile, pamoja na barua ya prefe, zilipelekwa kwa mfuko mmoja wa ufadhili wa kanda hii, wakampigia simu kumhoji, na swali la kwanza waliloanza nalo lilikuwa juu ya kile kitabu kimoja cha fizikia. Sasa anasomea kilimo katika nchi jirani na ada inalipwa.

Kwa hiyo naomba mambo machache, na ninawaomba watu ninaowajua kwa kazi yao.

Maprefe wa Idjwi, na wa Kalehe, Shabunda, Fizi, kokote barabara au umeme haujafika: palmaresi ziandikwe nakala mbili na moja itunzwe nje ya shule. Mtoto aliyeshika nafasi za juu apewe, pamoja na madaftari, barua yenye muhuri inayotaja nafasi yake, idadi ya wenzake, mkondo wa shule, na kile shule isichokuwa nacho. Gharama yake ni karatasi na wino. Buletini ya mwanafunzi wa mwaka wa sita isishikiliwe kwa deni. Deni lidaiwe kwa mzazi kwa njia nyingine, maana mtoto asiye na karatasi hatapata kazi ya kulilipa.

Wazazi, ulizeni buletini siku ileile, someni kisanduku cha nafasi, na muiweke buletini hiyo kwenye nailoni pamoja na kadi ya ubatizo.

Na ninyi wenzangu wa kamati za kupokea wanafunzi, Bukavu na Goma: majaribio yabaki, kwa sababu yana kazi yake. Lakini wekeni viti vichache katika kila kitivo kwa ajili ya waliokuwa wa kwanza katika shule za vijijini, na muwape miezi ya kusoma kemia na hisabati kabla ya kuanza. Waliojifunza kwa kitabu kimoja hawatashindwa wakipewa vitabu kumi. Fomu ya maombi ya mwaka ujao inaweza kuongezwa mstari mmoja unaouliza mwombaji alikuwa wa ngapi, kati ya wangapi, katika shule gani. Mstari huo hauhitaji ruhusa ya Kinshasa.